Kufuga Maji

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hii niliiandika katika mitihani ya Kiswahili mara nyingi tangu shule ya sekondari, na kila mara nilipata alama zangu. Lakini niliielewa mwaka jana tu, asubuhi moja ya mwezi wa sita, nilipokuwa nimeshika kijiko kikubwa cha jikoni nikiwatoa samaki watatu waliokufa ndani ya tangi la kioo, huku binti wa mjomba wangu, Sifa, mwenye miaka minane, akinitazama kutoka mlangoni.

"Kwani hawakuwa na maji?" aliniuliza.

Maji walikuwa nayo, tena mengi. Na hayo maji ndiyo yaliyowaua.

Mjomba ana mgahawa mdogo Nyamirambo, sehemu ya Kigali ambako Kiswahili husikika barabarani toka asubuhi hadi usiku. Wazazi wake walikimbilia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye akakulia Tanga, akarudi Rwanda mwaka 1995 akiwa kijana. Kinyarwanda chake hadi leo kina ladha ya pwani. Sisi hapa samaki wetu ni sambaza wa Ziwa Kivu na tilapia wa kufugwa, lakini yeye akila sambaza husimulia changu na kibua. Miaka mingi alikuwa na ndoto moja: kuweka tangi la samaki wa bahari ukutani, mkabala na mlango. "Watu waione bahari bila kupanda basi," alisema. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400, na wateja wake wengi hawajawahi kuiona.

Kazi hiyo alinikabidhi mimi kwa sababu moja tu: "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii." Kwamba ninasomea Kiswahili na siyo sayansi, hilo halikumsumbua.

Tulianza kwa furaha na kwa papara. Fundi wa Gakinjiro kule Gisozi alitukatia vioo vya milimita 10 akatuundia tangi la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Kwa hesabu ni kama lita 180. Rafiki wa Mjomba anayefanya biashara kati ya Nairobi na Kigali alituletea chumvi maalumu ya matangi, hita, na chujio dogo la kuning'iniza pembeni. Jirani yetu, mfugaji wa tilapia na kambare, alitushauri: "Jaza maji, acha siku mbili, weka samaki. Mimi ndivyo nilivyoanza." Tukafanya hivyo hivyo. Juma lile lile rafiki wa Mjomba akaleta samaki watatu pamoja na karatasi zao za kibali: wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale wanaoishi kati ya minyiri ya anemoni, na mmoja wa samawati. Walisafiri ndani ya ndoo yenye kifuniko na pampu ya betri, kwa maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na Mjomba hakutaka maswali mpakani.

Sifa aliwapa majina siku hiyo hiyo: Chungwa, Mistari na Bluu. Aliwaleta wenzake wa shule kuwaona. Siku ya saba Bluu alianza kuhema juu ya maji. Siku ya tisa wote walikuwa wamelala chini.

Mjomba hakunigombeza. Alisema, "Aliyekuwa na haraka ni mimi, wewe ulinifuata tu." Lakini Sifa hakuwa na simile. Aliwazika chini ya mparachichi nyuma ya jiko, na kwa wiki nzima kila mteja aliyeuliza samaki wako wapi alimjibu kwa sauti kavu: "Wamewaua." Nilikuwa ninasikia nikiwa ndani, ninaosha tangi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa dhati. Nilisoma kwa Kiingereza na Kifaransa, kisha nikaandika kwa Kiswahili katika daftari, ili Mjomba naye afuatilie. Jambo la kwanza nililoliandika lilikuwa jibu la swali la Sifa. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 180 haina pa kwenda. Tena ukali wake unategemea maji yenyewe: maji ya bahari yana uchachu mdogo kuliko ya bwawa, kipimo chake cha pH ni kama 8.2, na katika kipimo hicho sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. Jirani yetu hakutudanganya. Alitupa elimu ya kambare tukaipeleka baharini.

Jambo la pili lilikuwa hili: kinachoondoa amonia si mashine. Ni bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi fulani, nawe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huishi juu ya mawe, mchanga na sponji, na huongezeka polepole sana. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha hata liwe la bei gani. Chujio tulilonunua lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa nyumba nzuri isiyo na wakazi.

Basi nilipokuja kuchagua vifaa kwa mara ya pili, sikuuliza tena kipi kinang'aa. Nilijiuliza kila kifaa kinaondoa nini. Nikapata kazi nne. Ya kwanza ni kuzuia uchafu unaoonekana, na hiyo sponji au pamba inatosha, mradi uisafishe kila baada ya siku chache. Ukiiacha, uchafu uliozuiwa unaozea pale pale. Ya pili ni kuondoa rangi na harufu, na hiyo hufanywa na mkaa maalumu wenye vitundu vidogo sana, unaobadilishwa kila mwezi. Ya tatu ni kuwapa bakteria makao. Ya nne ndiyo iliyonipa shida, kwanza kuielewa, kisha kuipa jina.

Kuna mashine ndefu kama bomba inayosukuma viputo vidogo vya hewa ndani ya maji ya chumvi. Protini na mafuta yaliyoyeyuka hunata juu ya viputo, hupanda navyo hadi juu, hugeuka povu zito na kumwagikia katika kikombe. Unamwaga kikombe, umetoa uchafu kabla haujaoza na kuwa amonia. Katika maji baridi haifanyi kazi vizuri, kwa sababu viputo huungana na kuwa vikubwa. Chumvi husaidia vibaki vidogo. Niliandika "mashine ya protini" nikafuta. Nikaandika "kitenganishi cha povu" nikafuta pia.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni. Mke wa Mjomba, ambaye sote tunamwita Mama Sifa, alikuwa anachemsha supu ya mbuzi, na mwiko wake ulikuwa unapita juu ya sufuria taratibu.

"Unafanya nini hapo, Mama Sifa?"

"Ninaengua povu. Ukiliacha linarudi ndani, supu inakuwa nzito na harufu."

Nilisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Kuengua! Neno lilikuwa jikoni kwetu siku zote, nami nilikuwa nikilitafuta katika kamusi tatu. Nikaandika kwenye daftari: kiengua povu. Nilipomweleza Mjomba alicheka. Alisema huko Tanga, bahari ikichafuka usiku, asubuhi unakuta povu la kahawia limerundikana ufukweni. "Kumbe bahari nayo hujiengua," akasema. Tangu hapo sikuhitaji kumweleza tena kwa nini tutumie fedha nyingi kuliko zote kununua bomba ambalo mteja hatalitazama.

Maana fedha zilikuwa jambo zito. Mjomba alikuwa na akiba ya kununua ama taa nzuri ya rangi ama kiengua povu, si vyote viwili. Taa ingeonekana toka barabarani. Alizunguka mgahawa akifikiri, kisha akasema, "Giza halijawahi kuua samaki." Tukanunua kiengua povu, tukaweka balbu ya kawaida.

Chini ya tangi, ndani ya kabati, tuliweka tangi la pili la lita 60. Maji hushuka kutoka juu kwa bomba, hupita kwenye sponji, kisha kwenye kiengua povu, kisha kwenye mawe, halafu pampu huyarudisha juu. Kwa njia hii vifaa vyote vinajificha, na maji yanaongezeka. Kwa mawe hatukuhangaika na matumbawe, ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Tulinunua mawe ya volkano ya Musanze, yale meusi yanayopamba kuta za nyumba nyingi hapa Kigali. Yamejaa matundu kama mkate, na kila tundu ni chumba cha bakteria. Niliyasugua na kuyaloweka wiki nzima nikibadilisha maji.

Pampu nayo ina siri yake. Sanduku liliandikwa lita 2,000 kwa saa, lakini hiyo ni pampu isiyopandisha maji popote. Yetu ilipaswa kuyapandisha zaidi ya mita moja. Nilikinga ndoo ya lita 10 kwenye mdomo wa bomba nikapima kwa simu: sekunde 32. Hiyo ni kama lita 1,100 kwa saa, yaani maji yote ya mfumo wetu hupita chini zaidi ya mara nne kila saa. Ilitosha.

Siku ya majaribio Mjomba alisema tuzime umeme tuone itakuwaje. Nilidhani anatania. Tukazima. Pampu ikanyamaza, na bomba la kurudishia likaanza kuyanyonya maji ya juu kuyarudisha chini. Tangi la chini likajaa, likafurika, na mgahawa mzima ukawa ziwa la maji ya chumvi, tukayakausha kwa matambara hadi adhuhuri. Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu: tundu dogo katika bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka kufikia tundu, hewa huingia na mnyonyo hukatika. Pia hatujazi tena tangi la chini kupita nusu. Tulizima umeme mara sita siku ile, hadi tukaridhika.

Kisha maji yenyewe. Maji ya bomba yana klorini na madini yasiyohitajika, na ya mvua hapa hupitia mabati. Tulinunua chujio la utando, lile linalosukuma maji kwa nguvu kupitia ngozi nyembamba. Linatoa lita moja safi na kutupa kama tatu. Mama Sifa aliposikia hivyo alitutazama kama wezi, kwa kuwa katika mtaa wetu kuna siku bomba hukauka. Tukapatana: maji yanayotupwa yote yanakusanywa katika mapipa kwa kupigia deki na kusafishia choo. Chumvi tuliipima gramu 35 kwa lita, hivyo lita 200 za kuanzia zilitaka kilo 7. Mjomba alishangaa kuwa chumvi ya jikoni haifai, lakini chumvi ya bahari ina magnesi, kalsi, potasi na madini mengine mengi ambayo viumbe wake wameyazoea.

Jambo la mwisho ni la Kigali hasa. Mji wetu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani, na oksijeni inayoyeyuka katika maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita huko Tanga. Hapa kwetu ni kama 5.6. Samaki wa pwani akiletwa Kigali ni kama mwanariadha aliyepandishwa mlimani bila mazoezi. Kwa hiyo tuliongeza pampu ya kuvuruga uso wa maji, tukaamua samaki wawe wachache, na tukatafuta njia ya kuwapa hewa umeme ukikatika. Fundi wa pikipiki wa mtaani alituunganishia pampu ndogo ya hewa ya volti 12 na betri ya pikipiki, pamoja na swichi inayojiwasha yenyewe.

Kila kitu kilipokamilika, tuliweka ndani kipande cha kamba mbichi kioze, tukamimina chupa ya bakteria kutoka Nairobi, na tukangoja.

Kungoja ndiko kulikuwa kazi. Wateja waliona tangi lenye mawe meusi na maji matupu. "Mzee, siku hizi unafuga mawe?" Mjomba alijibu, "Ninafuga maji. Samaki ni wageni tu, watakuja." Kila jioni nilichukua kijichupa cha maji nikadondoshea dawa ya kupimia. Amonia ikiwa haipo, rangi hubaki ya njano. Ikiwepo, hugeuka kijani. Siku ya 8 ilikuwa kijani kibichi. Siku ya 19 amonia ilishuka na nitriti ikapanda. Siku ya 30 nilichoka, nikataka kumpigia simu yule rafiki wa Nairobi. Nilimkuta Sifa amesimama nyuma yangu.

"Rangi gani?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza neno kuhusu tangi tangu mazishi.

"Njano. Lakini kijichupa cha nitriti bado kina zambarau."

"Basi bado," akasema, akaondoka.

Siku ya 41 vyote viwili vilikuwa safi. Nilirudia siku ya 42 na ya 43. Wiki iliyofuata wakaja samaki wawili, wa rangi ya machungwa. Sifa hakuwapa majina.

Mwezi mmoja baadaye, saa moja na nusu usiku, umeme ulikatika. Nilisikiliza mlio wa pampu ya betri, sikuusikia. Niliwasha tochi ya simu nikafungua kabati. Waya kwenye betri ulikuwa umeota kutu ya kijani, umekatika. Chumvi hutambaa hata pasipo na maji: tone likirukia mahali likakauka, hubaki unga mweupe unaokula chuma. Mjomba alinishika bega. "Huko pwani mabati hayadumu. Nilipaswa kukumbuka." Fundi wa pikipiki simu yake ilikuwa imezimwa.

Nilichukua jagi, nikachota maji nikayamwaga tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Nikachota, nikamwaga. Baada ya nusu saa mkono ulikuwa unatetemeka. Sifa akaja na kikombe chake cha chai, akavuta kiti, akaanza kuchota upande wake. Hakuna aliyemwambia. Mama Sifa alishika mshumaa, Mjomba akapokea jagi, nami nikapokea tena. Wateja wawili waliobaki waliacha chai yao wakaja kusaidia. Mmoja alikuwa yule aliyeuliza kuhusu kufuga mawe. Umeme ulirudi saa tano kasoro dakika kumi. Samaki walikuwa wamejibanza kwenye pembe, wakihema, lakini wazima.

Kesho yake fundi alibadilisha waya, tukaupaka grisi na kulihamishia betri nje ya kabati. Siku hizi ninaikagua kila Jumamosi, na kila wiki mbili tunabadilisha lita 20 za maji.

Mwalimu wetu alipotuambia tuandike kuhusu jambo tulilojifunza nje ya darasa, nilifikiria kwanza kuandika juu ya vifaa: kipi ununue, kipi uache. Nimeandika hayo pia, na atakayetaka kuanza na ayafuate: nunua kiengua povu kabla ya taa, zima umeme makusudi kabla haujazimika wenyewe, na usilete samaki hadi maji yakubali. Lakini sehemu ngumu ya kazi hii haikuwa kununua. Samaki wale watatu hawakufa kwa kukosa kifaa. Walikufa kwa sababu hatukutaka kungoja siku 40 kwa ajili ya viumbe tusiowaona kwa macho.

Majina bado hawana. Ila kila jioni, kabla ya kuwalisha, Sifa hunifuata akiwa na kijichupa mkononi. Ninadondosha dawa, tunahesabu dakika tano, kisha anakiinua kwenye mwanga wa balbu.

"Njano," anasema, na ndipo anakwenda kuchukua chakula chao.